Kengele ya Fundi Amédée

Kengele imerudi kwenye usukani wa baiskeli ya Amédée Mbayo, na ikilia mara tatu kwenye kona ya soko la Kamina, akina mama wanaouza unga hutazamana na kuangua kicheko. Mmoja hakosi kusema, "Buko anapita, mufunike macho!" Amédée naye hucheka, tena kwa sauti kuliko wao. Ana haki ya kucheka. Mwezi wa sita ule alikonda kwa siku sita kuliko alivyokondeshwa na mashindano ya miaka minne, na yote aliyataka mwenyewe.

Amédée ni fundi cherehani. Ana miaka arobaini na moja, kibaraza chenye bati lililotoboka, na cherehani moja nyeusi ya kukanyaga. Anashona sare za shule, suruali za makarani, na libaya za akina mama, yaani blauzi za kitenge zenye mabega ya kujivuna. Jicho lake ni utepe wa kupimia. Ukipita barabarani tu, yeye ameshajua mabega yako ni sentimita ngapi na kama tumbo limeongezeka tangu Pasaka. Si jambo la kujisifia, ni ugonjwa. Hata kanisani, padri akiinua mikono, waumini wanaona baraka, Amédée anaona kanzu imebana kwapani.

Mtu anayeshinda amepinda mgongo juu ya cherehani lazima atafute pa kuunyooshea. Wengine huunyooshea kwenye chupa. Amédée aliunyooshea kwenye baiskeli, tena si kinga, ndivyo baiskeli inavyoitwa Kamina, ya kawaida ya kubebea makaa, bali vetete, baiskeli ya kupita porini. Fremu iliachwa Base, kambi ya jeshi iliyo nje ya mji, na injinia mmoja wa barabara aliyemaliza kazi yake. Mke wa askari akaiuza sokoni, na Amédée akaipata kwa koti moja na suruali mbili. Uma wa mbele, ule wenye springi, ulitoka Luena kwa mfanyakazi wa reli aliyekuwa ameufunga kwenye lango la mbuzi lisipige kelele. Mbuzi wale mpaka leo hawajamsamehe.

Aliyeunganisha vyote hivyo ni Tshiamala, fundi baiskeli mwenye kibanda karibu na stesheni ya reli. Tshiamala ni Mkasai. Aliondoka Kamina akiwa na miaka saba, ndani ya behewa, mwaka ule Wakasai walipofukuzwa Katanga, akarudi ana miaka ishirini na mbili na kufungua kibanda mahali palepale baba yake alipokuwa na duka. Ni mtu wa maneno machache na spana nyingi. Alipoona fremu ya Amédée aliizunguka mara mbili, akasema, "Hii kinga iko mugonjwa, lakini haiyakufa."

Mashindano yanafanywa kila mwaka, Jumapili ya mwisho ya Juni. Ni kilomita thelathini na nne: unatoka uwanjani, unashika njia ya Base, unaingia vijia vya mchanga na mashamba ya mihogo, unavuka kijito, unarudi mjini. Mara ya kwanza Amédée alipaka mnyororo mafuta ya mawese, kwa sababu yalikuwa karibu na hayakuwa na ubishi. Vumbi lote la kiangazi likanasa humo. Kufika kilomita ya kumi mnyororo ulikuwa mnene kama soseji, na mbwa wawili wa kijijini walikuwa wakimfuata kwa harufu. Alimaliza wa mwisho, akiwa na mbwa.

Mara ya pili alikuja na mafuta ya cherehani yaliyochanganywa na nta ya mshumaa, na hilo lilikuwa jambo la akili. Hata Tshiamala alilichukua. Ila alijaza tairi upepo mpaka zikalia kama ngoma. Mchangani zilizama na kuteleza. Akapitwa na Djo, mchuuzi wa samaki wakavu kutoka Kinkondja, mtu anayesukuma mizigo ya kilo mia mbili mwaka mzima, na anayeshindana kwa baiskeli ileile nyeusi, isiyo na giya, baada ya kuishusha mizigo tu. Djo alimpita huku anapiga mluzi.

Jioni Amédée alimfuata kwa unyenyekevu, akamwita kaka. "Ya Djo, siri iko wapi?"

Djo akaibonyeza tairi ya Amédée kwa kidole gumba, akatikisa kichwa. "Muchanga haipendi kintu ya nguvu. Tosha pumuzi, punguza upepo, mpaka kidole iingie. Kinga ikuwe na tumbo ya laini, sawa mama ya nyumba."

Mara ya tatu, basi, tairi zilikuwa laini. Ndani yake Amédée alikuwa ametandika ukanda wa kitambaa cha jinzi, mikunjo miwili, na miiba yote ya njia ya Base ikaishia kwenye jinzi bila kugusa mpira. Suruali ya kukimbilia alijishonea mwenyewe, na kalio lake akalijaza sponji ya godoro. Akashika nafasi ya tisa. Mtu akishakuwa wa tisa, hapo ndipo maradhi huanza: anaanza kuwahesabu wanane walio mbele.

Mwaka wa nne akaanza kupunguza. Ni neno la mafundi nguo, na ndilo lililomponza. Nguo ikizidi, unapunguza. Alipunguza usukani vidole viwili kila upande. Akatoa madigadi, maana kiangazi hakuna matope. Akatoa keria. Akatoa stendi. Kila kilichotoka alikiweka kwenye mizani ya muuza sukari na kuandika gramu zake kwa chaki ya kushonea. Mwisho ikabaki breki ya nyuma, na kengele.

Tshiamala aliishika spana asitake kuiachia. "Weye unatosha frein, utasimama na nini?"

"Frein ya mbele iko."

"Na ikikatika?"

"Juu ya nini ikatike? Iko mupya."

"Bon. Na kengele? Kengele iko na uzito gani, mon cher? Njo ile inakulinda na buko yako."

Hapa sharti tusimame kidogo. Kwa Waluba, mwanamume na mama mkwe wake, ambao huitana buko, hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawaongei ana kwa ana, na wakikutana njiani mwanamume huacha njia, huingia majanini na kugeuza mgongo, naye mama hujifunika kitenge na kugeukia upande wake. Hiyo si chuki. Ni heshima, tena heshima iliyo juu ya zote, kwa kuwa huyo ndiye aliyekuzalia mke. Tshiamala kwao Kasai wanalijua hilo vilevile, ndiyo maana aliuliza.

Miaka tisa ya ndoa, Amédée hakuwahi kuuona uso wa mama yake Priscille, mkewe. Alichokijua ni visigino vyake, cha kushoto kikiwa na kovu la jembe. Amemshonea baba mkwe, amewashonea mashemeji na wake zao. Mama peke yake ndiye hakuwahi kumshonea hata pindo. Priscille aliwahi kutaka kumpima kwa kamba ampelekee mumewe, mama akaja juu: kamba iliyomzunguka yeye kiuno iende mikononi mwa mkwe? Haiwezekani hata kidogo!

Na kwa kuwa kijiji cha mama huyo kiko kilomita tisa kwa njia ya Base, palepale Amédée anapofanyia mazoezi, ndiyo ikawekwa ile kengele. Akikaribia mihogo ya kwanza, anapiga mara tatu. Kijiji kizima kinaijua. Mama anajua pa kujificha, mkwe anapita, heshima inabaki salama. Kengele ya gramu mia na ishirini ilikuwa inafanya kazi ya wazee watatu.

"Siku ya course, siku ya mbio, bote banajua napita," alisema Amédée. "Hakuna mama atasimama mu njia." Akaichukua spana mwenyewe. Kengele akaitupa ndani ya kopo la vifungo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wamesema watu wa kale, ingawa Tshiamala ni mdogo kwake kwa miaka miwili.

Jambo moja lazima lijulikane kabla ya mbio hizo. Priscille alikuwa na mimba ya miezi tisa. Ilikuwa ya tatu. Mbili za kwanza zilitoka, ya pili ikiwa na miezi saba, na nyumba ile ilikaa kimya mwaka mzima. Sasa hii ilikuwa imefika. Mama yake alikuwa aje Jumatano baada ya mashindano, akae naye, ampeleke maternité, hospitali ya wazazi, ampokee mtoto kwa mikono yake. Priscille alikuwa amesema mara moja tu, na hakurudia: bila mama, haendi kuzaa. Tena wanawake wote wa pale wanajua kwamba moyo wa mama ukiwa na kinyongo, tumbo la binti linafunga. Padri angesema huo ni ushirikina, na mchana, kibarazani, Amédée angemuunga mkono. Lakini mtu aliyekwisha kuzika mara mbili habishani na kitu chochote.

Jumapili ilifika. Watu arobaini na wawili uwanjani, vumbi, filimbi, wakaondoka. Baiskeli ya Amédée ilikuwa nyepesi kama kikapu kitupu. Kilomita ya tano alikuwa wa kumi na mbili. Ya kumi, wa sita. Kwenye mchanga aliwapita watatu kwa pamoja, tumbo laini la tairi likielea, na moyo wake ukamwambia maneno ambayo mtu mwenye akili hamwambii jirani yake. Kilomita ya ishirini mbele yake alibaki Djo tu, mita mia moja na hamsini, na njia ilianza kushuka kwenda kijitoni.

Akagusa breki ya mbele apunguze mwendo. Waya ukasema tak, ukakatika.

Njia ile ina upana wa kiwiliwili. Kulia kichuguu kirefu kuliko nyumba, kushoto mihogo. Na katikati ya njia, amempa mgongo, akimtazama Djo anavyotokomea, alisimama mwanamke mwenye beseni kichwani. Amédée aliona visigino kwanza. Cha kushoto kilikuwa na kovu.

Mkono wake ulikwenda kwenye kengele. Kidole gumba kilibonyeza hewa. Kuita hakuweza, kwa jina gani? Kusimama hakuweza, kwa breki gani? Mama akasikia tairi, akageuka mzima mzima, mkono wa kushoto umeinuka kushika beseni, wakatazamana. Uso kwa uso, jicho kwa jicho, hatua mbili kati yao. Kisha Amédée akapita upande wa kichuguu, bega lake likikwaruza udongo, na nyuma yake akasikia beseni likianguka.

Hakugeuka. Hata angetaka, baiskeli haikuwa na cha kuisimamisha. Alikipita kijito majini mpaka magotini, akapanda, akakimbia kilomita zilizobaki kama mtu aliyeiba, na magunia ya makaa nyuma ya mstari ndiyo yaliyomkamata. Alikuwa wa pili. Watu walimnyanyua juu, Djo akamkumbatia, akapewa tairi mpya mbili na kofia. Amédée alishika zile tairi kama mtu aliyepewa mzoga wa kuzika.

Hakumwambia Priscille. Angemwambia nini? Kwamba amempita mama yake kama mbuzi, bila kushuka, bila kugeuza uso, kwa ajili ya gramu mia na ishirini? Jumatatu alirudisha breki zote mbili. Jumanne alishona sare ya mtoto kwa kinyume, mifuko ndani. Jumatano alifagia ua mwenyewe, akatoka nyumbani mapema ili mama aingie bila kukutana naye, akakaa kibarazani akitazama njia.

Mama hakuja.

"Labda kuko kazi ya muhogo," alisema Priscille jioni, lakini aliyasema mlangoni akiwa amesimama, mkono kiunoni. Alhamisi asubuhi aliketi kitandani, akakunja nguo za mtoto, akazikunjua, akazikunja tena. Amédée alimwona, akahisi tumbo lake mwenyewe ndilo linalofunga.

Akaenda stesheni, akamwaga yote mbele ya Tshiamala. Tshiamala alisikiliza akiwa ameshika gurudumu, akalizungusha, akalisikiliza nalo.

"Hii haina mambo ya kulia," alisema. "Kwetu na kwenu iko sawa. Mutu anakosea buko, anatuma kuku ya mweupe. Bibi yangu ya nyumba ataenda. Léa anajua kuongea na bamama."

"Kuku tu? Minyi nilimupita sawa mbuzi, ndugu yangu. Kuku haitatosha."

"Basi ongeza kintu ya mukono yako."

Kitu cha mkono wake. Amédée alirudi kibarazani, akatoa kitenge alichokuwa amekiweka kwa ubatizo, cha majani ya kijani na ndege wekundu, akakitandaza mezani. Hakuandika kipimo chochote. Aliiacha mikono ikate, maana kichwa kilikuwa kwingine, kilikuwa kinaomba rozari. Alijiambia anakata kwa mama yeyote wa kadiri, si mnene si mwembamba. Mchana libaya ilikuwa tayari: mabega ya kujivuna, kola ya duara, mikono mirefu yenye vifungo. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kushona, na hakuona.

Ijumaa asubuhi, Mama Léa, mke wa Tshiamala, alipanda nyuma ya baiskeli ya mtu anayekwenda Base, kuku mweupe kwapani, libaya ndani ya mfuko. Ni mwanamke mfupi, mchangamfu, aliyewahi kusuluhisha kesi ya kiwanja kwa kucheka tu. Wanaume wawili walibaki kibandani. Tshiamala aliweka kiraka, akapuliza gundi, kisha akauliza bila kuinua uso.

"Ile libaya. Ulimupima na nini?"

"Sikumupima. Nilikata tu."

"Ulikata tu. Na kama inamutosha?"

Jasho lilimtoka Amédée mpaka kwenye vidole. Kwa mara ya kwanza aliiona ile libaya kama ilivyo: mabega sentimita arobaini na tatu, si arobaini na mbili, kifua chenye kulegea kidogo upande wa kulia, shingo pana ya mtu aliyebeba mizigo tangu utoto. Hiyo haikuwa nguo ya mama yeyote wa kadiri. Sekunde moja njiani, na jicho lake, jicho lile la laana, lilikuwa limempima mama mkwe kuanzia bega mpaka kiwiko, na sasa amemtumia ushahidi kwa mkono wa Léa, umepigwa pasi na kufungwa vizuri! Kama kuna mtu aliyewahi kuomba radhi kwa kukiri kosa kubwa zaidi, Kamina haimjui.

"Mungu wangu," alisema.

"Njo nilikuwa nafikiri vile," alisema Tshiamala, na kwa wema wake akampa kigoda.

Léa alirudi saa tisa. Walimsikia kabla ya kumwona, kwa sababu alikuwa anacheka peke yake tangu kwenye reli. Kwapani alikuwa na kuku. Amédée aliona kuku amerudishwa, akainuka, akakaa tena.

"Amekatala," alisema.

"Weye angalia muzuri," alisema Léa. "Yako ilikuwa mweupe. Hii iko na madoadoa. Hii njo yake. Alikuwa ameifunga tangu Jumatatu, anatafuta mutu wa kukuletea weye."

"Kuniletea minyi? Juu ya nini?"

Léa alikaa juu ya tairi kuukuu, akavuta pumzi, akaeleza, na Amédée alikuwa akisikiliza kama mtu anayesomewa hukumu ya mtu mwingine.

Mama yake Priscille hakuwa na hasira. Alikuwa na woga. Kila mwaka, siku ya mashindano, aliaga nyumbani kwamba anakwenda kijitoni kutoa mihogo iliyolowekwa, na alikuwa akijificha nyuma ya kichuguu kumtazama mkwe wake akikimbia. Miaka minne! Hakumwambia mtu, hata mumewe. Alimwona na mbwa wake wawili, na alirudi nyumbani akiwa amejiziba mdomo kwa kitenge. Akisikia kengele mara tatu, anachutama, anachungulia kwa chini, anaona magurudumu na miguu tu, na inamtosha. Mwaka huu alingoja kengele. Djo akapita, kengele kimya. Akafikiri mtoto wa watu ameanguka huko nyuma, labda ameumia. Akatoka kichuguuni, akasimama katikati ya njia ili amwite Djo amuulize.

"Anasema kosa iko yake," alisema Léa. "Anasema yeye njo aliacha mahali yake, yeye njo alikuangalia mu macho. Dada yake mukubwa akamuambia: umeangalia buko, na binti yako iko na mimba, utaenda kumushika na mikono gani? Njo maana hakukuya Jumatano. Alikuwa analia mu jiko."

Amédée aliuficha uso kwa kofia yake ya mshindi wa pili. Mzigo uliokuwa umemkalia kifuani tangu Jumapili ulishuka wote kwa mara moja.

"Na libaya?" aliuliza Tshiamala, ambaye hasahau.

"Aa, libaya!" Léa akapiga makofi. "Akaivaa palepale. Ikamuingia sawa ngozi. Dada mukubwa akazunguka, akashika bega, akauliza: nani alikupima? Minyi nikafikiri, sasa kumekwisha. Mama ya Priscille akajiangalia, akakaa chini, akacheka mpaka machozi. Akasema: basi tuliangaliana babili, deni haiko. Chinjeni ile mweupe. Minyi naenda kwa mutoto wangu."

Mama mkwe alifika jioni ileile. Amédée alisikia sauti yake ua wa mbele, akatoka kwa ua wa nyuma, akapitia kwa jirani, akaketi nyuma ya choo kwa furaha ambayo hakuna mtu aliyewahi kuwa nayo nyuma ya choo. Ndani, Priscille alikuwa akilia na kucheka. Jumamosi, kabla ya jua kuwa kali, kwenye maternité, akazaliwa msichana wa kilo tatu na gramu mia mbili, mwenye sauti. Alitoka bila kusumbua mtu. Amédée alipopewa habari alipiga magoti kwenye changarawe, akamshukuru Mungu, kisha akaenda kumshukuru Tshiamala, ambaye alimwambia asimkumbatie, ana gundi.

Mtoto na mama yake waliporudi nyumbani Jumatatu, Amédée alikuwa uani nyuma ya jiko, na baiskeli imeegemea ukuta. Ndani ya jiko mama mkwe alikuwa akikoroga uji. Ukuta ulikuwa kati yao, na dirisha dogo lisilo na kioo. Mara ikatoka sauti, nzito kidogo, ambayo hakuwahi kuisikia ikielekezwa upande wake. Lakini haikuwa ikimwambia yeye. Ilikuwa inaiambia baiskeli.

"Weye kinga. Ambia mwenye weye arudishe kengele. Bantu banazeeka kungojea kengele."

Amédée aliangalia chini, kwa heshima. Akakohoa kidogo. "Kinga, ambia mama kengele itarudi leo."

Kijiko kiligonga sufuria. "Tena umuambie, libaya iko muzuri sana. Mukono ya kushoto tu njo murefu. Inapita na kidole moja."

Amédée alifumba macho, akauona ule mkono wa kushoto, umenyooshwa juu, umeshika beseni. Akauma mdomo asicheke.

"Kinga," alisema, "ambia mama atume ile libaya. Nitapunguza."

Ndani mtoto akalia, akanyamazishwa.

"Aache," ilisema sauti. "Asipunguze tena kintu. Mwaka ingine akipita, nitakuwa nimeinua mukono."

Amédée akaenda kibarazani, akamwaga kopo la vifungo mezani, akaanza kutafuta kengele.